Mwanafunzi wa Alawi Aliyekuwa Nyololo

Alawi alikuwa anaruka kutoka paa la hekalu moja kwenda jingine, upanga mkononi, joho likipepea, wakati mteja alipomwuliza kwa mara ya pili bei ya shuka za maua. Hakusikia. Alikanyaga jani la mwanzi, jani halikupinda hata kidogo, akapaa juu ya bonde lenye ukungu na kutua nyuma ya jambazi mwenye shoka.

"Baba Asmaa!" mkewe Waridi aliita kutoka kwenye cherehani. "Una mteja. Au nimhudumie mimi, wewe uendelee na majambazi yako?"

Alawi akailaza simu kifudifudi juu ya kaunta, akajishika ukingoni, akajiinua kwa mguu wa kushoto na kuvuta mkongojo. Hapo ndipo aliporudi duniani, yaani mtaa wa Soweto, Mbeya, kwenye duka la vitambaa aliloachiwa na baba yake. Baba mtu alikuja na biashara zake kutoka Kilwa, akaikuta baridi ya huku na kuapa kwamba anakaa kidogo tu. Alizikwa hukuhuku, na hadi anakufa alikuwa bado anailalamikia baridi.

Huyu Alawi wa kuruka mapaa ya mahekalu, ukweli ni kwamba ngazi tatu za msikitini zilikuwa zinamtoa jasho. Mwaka uliopita, mvua zikiwa zimekolea, bodaboda aliyoipanda iliteleza kwenye kona, yeye akaenda upande wake na mguu wa kulia ukaenda upande wake. Mfupa wa paja ulivunjika. Wakamtia chuma, wakamshona, wakampa magongo mawili, na baadaye ukabaki mkongojo mmoja. Kwa hesabu za hospitali alikuwa ameshapona. Blandina, yule dada wa mazoezi ya viungo, alimgongagonga goti na kumwambia bila kupepesa macho:

"Mfupa umeshika, baba. Usipoanza kuukanyaga sasa, nyama zitasinyaa, na huo mkongojo utakuwa wako wa maisha."

Alawi akaitikia vizuri, akashukuru, akarudi nyumbani, na hakuukanyaga.

Si uvivu. Alikuwa anauogopa mguu wake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha karate katika ukumbi mmoja nyuma ya soko, na mguu ule wa kulia ndio uliompa jina mjini. Aliweza kukuvua kofia kwa teke na nywele zako zisijue. Sasa aliwaza hivi: nikiukanyaga ukakataa, nitakuwa nimejua kwa hakika kwamba kazi imekwisha. Nisipoukanyaga, mimi bado ni mwalimu aliye mapumzikoni. Basi akabaki mapumzikoni, mwezi ukaingia mwezi ukatoka.

Aliyemletea lile gemu ni Lutengano, mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi mtu mzima mwenye mke na kibanda cha uwakala wa pesa za simu. Lutengano alikuwa na ombi moja, na alilirudia kila alipopita dukani.

"Sensei, rudi ukumbini. Hata kwa kukaa kwenye kiti. Wewe sema tu, sisi tunafanya."

"Karate ya kusema?" Alawi alimjibu. "Nikawatangazie kama mpira wa redioni? Mwalimu asiyeweza kuonyesha si mwalimu, Lutengano. Niache."

Lutengano akajikuna shingo, akaichukua simu ya mwalimu wake kutoka kaunta. "Haya, basi hata ujiburudishe. Kuna gemu moja hili, noma sana. Kung fu mwanzo mwisho."

Jina halisi la gemu lilikuwa refu, la Kichina, na hakuna aliyeweza kulitamka bila kujing'ata ulimi. Vijana wa Mbeya waliliita Mlima wa Ngumi. Unajichagulia mtu wako, unampa jina, unaingia katika nchi ambamo maelfu ya watu wengine wanacheza saa hiyohiyo, kila mmoja kwao. Unajiunga na chuo cha mapigano, unatumwa kazi, unapigana, unapanda daraja.

Alawi aliingia humo kama mkaguzi wa shule, akitafuta makosa. Ilimbidi aanze na sifa, na hilo lilimuudhi kidogo. Ukungu wa mle ndani ulikuwa ukungu kweli, kama ule unaoteremka kutoka mlima Loleza mwezi wa sita, unafunika nyumba moja na kuiacha ya jirani. Mikono ya wapiganaji ilikuwa inarudi kiunoni inavyotakiwa, kwa hiyo aliyeichora alikuwa amewahi kusimama mbele ya mwalimu wa kweli. Kisha kulikuwa na ile desturi ya adabu: anayetaka kujifunza anamwinamia mwalimu na kumtengea chai kabla ya jambo lolote. Hiyo Alawi aliipenda mno.

Lakini makosa nayo! Kulikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza mtu wako anapigana mwenyewe, wewe unakwenda zako kunywa uji. Kulikuwa na duka la panga humohumo ndani, ili mwenye nacho anunue nguvu asubuhi na mchana amchape mtu aliyeitafuta miezi mizima. Mvua ikinyesha Mbeya mtandao ulikatika, na ukirudi unakuta umeshauawa. Hayo yote angeyasamehe. Asilolisamehe ni kwamba watu wa mle hawakuwa na uzito. Unabonyeza, teke linatoka, na hakuna anayekuuliza ule mguu mwingine umeuweka wapi.

"Gemu zuri kulitazama," alimwambia Lutengano. "Lakini aliyelitengeneza hajawahi kuanguka."

Akalisema hivyo, kisha akaendelea kulicheza kila siku. Mle ndani alikuwa na miguu miwili.

Kwenye lango la kwanza la mlima ule alikaa mzee mwenye ndevu nyeupe na ufagio. Huwezi kuingia bila kumshinda, na kumshinda ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kila mgeni alimchapa mzee akapita. Siku moja Alawi alipokuwa akipita hapo alimwona mwanamke mwenye nguo za kijivu za daraja la chini kabisa, amesimama mbele ya mzee, hapigi, haondoki. Kesho yake alimkuta palepale. Siku iliyofuata alimkuta anapanga kuni kando ya kibanda cha mzee. Juu ya kichwa chake lilielea jina alilojipa: Kamwene.

Alawi akacheka peke yake. Hiyo ni salamu ya Wahehe na Wabena, na wateja wake wote wa kutoka Makambako na kwenda mbele huanza nayo mlangoni kabla hawajagusa kitambaa. Akaandika salamu ileile. Jibu likaja taratibu, kama la mtu anayeisaka kila herufi kwa kidole kimoja.

"Kamwene."

"Mbona humpigi huyo mzee upite?" aliandika Alawi.

Ikapita muda. "Nimpige kwa kosa gani?"

"Ni gemu. Ni mtihani tu."

"Hata kama. Mtu anafagia kwake. Kuni nimemletea, chai nimemletea. Nangoja anikaribishe."

Alawi alikuwa anatafuta namna ya kumweleza kwamba mzee yule ni picha, na picha haikaribishi mtu, ndipo mzee alipoegemeza ufagio ukutani. Akamwinamia yule mwanamke, akalifungua lango kwa mikono miwili. Hakuna ngumi iliyorushwa. Alawi akabaki mdomo wazi. Akamwuliza Lutengano, akawauliza na wachezaji wengine, wote wakasema hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Kumbe kuna mtu huko Uchina alikaa akawaza: je, akija mtu asiyetaka kumpiga mzee? Akamwekea njia yake. Alawi alimheshimu mtu huyo kuanzia hapo.

Yule Kamwene, baada ya kuingia, alimwandikia: "Wewe unaonekana unajua. Nifundishe."

Ombi la Lutengano alikuwa amelikataa mara nyingi. Hili alilikubali kabla hajafikiri. Mtu huyu hakujua lolote kuhusu mguu wake, wala hakuwa anamwonea huruma.

Kuandika kulimchosha mwanafunzi, kwa hiyo wakahamia kwenye sauti, maana gemu lilikuwa na mahali pa mwalimu na mwanafunzi kuzungumza. Ilitoka sauti nzito kidogo ya mama mtu mzima, nyuma yake jogoo wakiwika na malori yakikata breki.

"Shikamoo, mama!" Alawi alishtuka.

"Marahaba, mwalimu wangu. Mimi ni Lea. Nakwambia ukweli, hii kitu nilidhani ni tamthilia ya Kichina, zile wanazotafsiri. Mwanangu aliniachia simu yake ya zamani, nikaifungua, nikamwona huyu dada amesimama tu haongei. Nikangoja weee! Kumbe ananisubiri mimi."

Alawi alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akamfundisha namna ya kubonyeza teke la mbele, Lea akabonyeza, yule dada wa kijivu akarusha teke safi kabisa.

"Sasa mwalimu," alisema Lea, "huyu akirusha, hii mguu ya chini anaikanyagaje? Mimi nimejaribu, nimeangukia kwenye viazi."

 Kati ya maelfu ya watu waliomo mle, wa kwanza kuuliza swali lile alikuwa mama aliyedhani anatazama tamthilia.

"Umejaribu mwenyewe? Kwa mwili wako?"

"Sasa nitajifunzaje?"

Kujibu swali kama hilo kichwani tu hakuwezekani. Alawi akasimama nyuma ya kaunta, akaushika ukingo kwa mkono wa kulia, akajiweka sawa na kuusikiliza mwili wake. Kisha akasema kila alichokihisi, polepole.

"Mguu wa kushoto ndio wa kusimamia, mama. Peleka uzito wote huko. Kisigino kitulie chini, goti lilegee kidogo tu. Mkono wa kulia shika kitu kisichoyumba. Mguu wa kulia uwe mwepesi, uguse chini kwa vidole tu, kama unaonja maji ya kuoga. Kisha unyanyue."

"Ee!" ilisikika kutoka upande wa pili, halafu kishindo, halafu kicheko. "Nimesimama, mwalimu!"

Ikawa ndiyo desturi yao. Lea aliuliza, Alawi alisimama nyuma ya kaunta akajaribu, kisha akaeleza. Gemu lenyewe walilisahau kwa nusu saa nzima, watu wao wamesimama tu kwenye ukungu wakipepewa na upepo wa bure. Wateja walimwona mwenye duka anainua mguu na kuiambia simu habari za nyonga, wakamtazama Waridi kwa jicho la pole. Waridi alikaza macho kwenye cherehani. Alikuwa hajamwona mumewe akisimama kwa hiari yake tangu ajali, na aliogopa kwamba akitia neno ataacha.

Jambo lililoanza kumtekenya Alawi ni maswali yenyewe. Leo Lea aliuliza, mtu mwenye tumbo kubwa ageukeje? Alawi akaeleza, akihisi amemwelewa sasa: ni mama mnene. Wiki iliyofuata akauliza, mtu ambaye goti lake halikunji afanyeje? Sawa, ni mama mnene mwenye goti bovu. Halafu akauliza habari za mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Halafu mtu mrefu sana. Halafu mtu mwenye mkono mmoja uliokufa ganzi.

"Mama Lea," Alawi alishindwa kuvumilia, "hivi una miili mingapi?"

"Nauliza tu, mwalimu," alisema Lea, na kicheko kilichomtoka hakikuwa cha mtu asiye na jambo.

Alawi akawa anamwaza hata anapopima kitambaa. Alipunja wateja na kuwazidishia bila kukusudia. Alimwuliza Waridi, huyu anaweza kuwa mkunga? Muuguzi? Waridi akasema huenda ni mama mwenye udadisi tu, kama baba mmoja anayemfahamu.

Kisha msimu wa gemu ukakaribia kuisha, na hapo ndipo Mlima wa Ngumi ulipoharibu. Sheria ilisema mwanafunzi hahitimu mpaka ampige mwalimu wake hadharani na kumwangusha. Asiyefanya hivyo, msimu ukifungwa anaondolewa chuoni.

"Nikupige wewe?" Lea aliuliza.

"Ni mchezo, mama. Mimi nitasimama tu, wewe bonyeza."

"Sitaki kuzoea."

Alawi alimbembeleza. Alimkumbusha kwamba hakuna atakayeumia. Lea akasema anajua, lakini kidole ni chake, na hataki kidole chake kijue njia hiyo. Basi wakatafuta njia nyingine kama ile ya langoni. Lea alileta kuni za hapo chuoni, akaleta chai, akafagia ua wote. Alawi naye akamwinamia yeye, akavua upanga, akaketi chini, akabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Hola. Yule mtu wa Uchina aliyemfikiria mzee wa langoni alikuwa amemsahau mwalimu kabisa. Alawi alikasirika kweli, kama vile amekosewa adabu na jirani anayemjua.

Siku ya mwisho Lea alimwambia, "Likinitoa, mwalimu, mimi niko Nyololo. Ukishuka kwenye basi uliza Mama Lea wa viazi." Alawi alitaka kumwomba namba ya simu, akaona haya, mwanaume mwenye mke kumwomba namba mama wa watu. Wakati bado anatafuta maneno ya kuombea, kioo kikatoa maandishi mekundu kwamba uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi umevunjwa, na yule dada wa kijivu akafutika. Alawi akakimbilia lango la kwanza. Palikuwa na mzee tu, anafagia.

Baada ya hapo hakuligusa tena lile gemu, na hakusimama tena nyuma ya kaunta. Alikaa. Waridi akavumilia siku kadhaa, kisha akasema Asmaa wao anayesoma chuo Iringa ameomba blanketi.

"Mtumie kwa basi," alisema Alawi.

"Tunampelekea wenyewe. Na njiani kuna Nyololo." Waridi alikata uzi kwa meno. "Mume wangu, hicho kiherehere cha kujua yule mama ana miili mingapi kitakuua kabla ya mguu. Jiandae."

Tangu ajali Alawi alikuwa hajatoka nje ya mji. Alipanda ngazi za basi kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, akaona aibu, akakaa dirishani na mkongojo katikati ya magoti. Basi liliposimama Igawa wakanunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Mbele ya hapo barabara ikaanza kupanda, misonobari ikasogea karibu, na abiria wakaanza kutoa masweta mmoja baada ya mwingine. Mchana waliteremka Nyololo, penye magunia ya viazi yaliyovimba kando ya lami, na wa kwanza kuulizwa alinyoosha kidole kabla swali halijaisha. Nyuma ya ghala lile. Mtasikia tu.

Walisikia kweli. "Moja! Mbili! Tatu!" Sauti za wanawake, nyingi, kwa pamoja.

Nyuma ya ghala palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu, na uwanjani kulikuwa na akina mama wamejipanga mistari, masweta, kofia za sufu, vitenge vimekazwa viunoni. Mmoja alikuwa mjamzito. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mmoja alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, na mwingine goti lake lilikuwa limefungwa kitambaa. Mbele yao alisimama mama mfupi, mkavu, akihesabu kwa sauti nzito ambayo Alawi angeitambua popote.

"Ndiyo hii miili!" alimwambia Waridi, na furaha ikamjaa mpaka kooni. Wote hawa! Wote walikuwa wanafunzi wake na yeye hakujua.

Lakini Waridi hakuwa anacheka. Alimshika mkono.

"Baba Asmaa," alinong'ona, "mbona wote wanachechemea?"

Alawi akatazama tena. Kila mmoja wao alikuwa ameshika kitu kwa mkono wa kulia: mpini wa jembe, ufagio, kipande cha mti. Kila mmoja alikuwa ameegemea upande wa kushoto, nyonga imesukumwa nje, na mguu wa kulia unagusa chini kwa vidole tu. Walipogeuka waligeukia kushoto. Walipopiga hatua waliuvuta ule wa kulia nyuma kama mzigo wa mtu mwingine. Alikuwa anajitazama mwenyewe, mara nyingi, katika masweta ya rangi mbalimbali. Aliwapa maneno tu, na maneno yalikuwa yametoka kwenye mwili wake kama ulivyo. Aibu ilimpanda, akatamani basi liwe bado halijaondoka.

"Mwalimu!" Lea alikuwa ameshaitambua sauti yake. Alimjia mbio, akamtazama juu mpaka chini, akaushika mkongojo kwa furaha. "Tazameni, na yeye ana fimbo yake! Niliwaambia!"

"Kamwene!" wakamsalimu wote kwa pamoja.

Wakamkalisha kwenye benchi, Waridi pembeni yake. Vikaletwa viazi vya kuchemsha na chai ya moto. Lea akamweleza jinsi ilivyoanza: alianguka kwenye viazi, wenzake wa pale ghalani wakacheka, kisha wakataka kujaribu, na kila aliyeshindwa alimtuma akaulize kwa mwalimu. Aliwaficha kwa sababu aliogopa mwalimu atasema ni wengi mno.

"Ila tuna shida moja," alisema Lea. "Hii mguu ya kulia tunaanza lini? Mwenzangu Eveline hapa, nyonga ya kushoto inamuuma hata kuinama hawezi vizuri. Wengine pia. Mimi nawaambia subirini, mwalimu ana utaratibu wake."

Eveline, yule mrefu, akaibonyeza nyonga yake kuonyesha mahali.

Alawi alikiweka kikombe chini. Angeweza kusema wiki ijayo. Wangemwamini. Badala yake akasema, na sauti haikumsaidia sana, "Hakuna utaratibu, mama. Nimewakosea. Mguu wangu wa kulia ulivunjika. Niliwafundisha ninavyosimama mimi."

 Lori lilipita barabarani, mngurumo wake ukapotea.

"Ulivunjika," alisema Eveline, "na haujaunga?"

"Umeunga."

"Sasa?"

Hakuna daktari aliyewahi kumuuliza hivyo. Alawi akatazama mkongojo.

"Basi si utueleze tu wa kulia," alisema Lea kwa upole. "Kama ulivyotueleza wa kushoto. Tutaelewa, mwalimu, sisi maneno yako tumeyazoea."

Wakajipanga tena mistari, wakaweka mipini na mifagio chini, wakangoja. Alawi akafungua mdomo. Alitaka kusema uzito unapelekwa wapi, kisigino kinahisi nini, goti linasemaje. Alitafuta. Kwa mguu wa kushoto maneno yalikuwa yakija yenyewe, kwa sababu alikuwa amesimama juu yake. Kwa huu wa kulia hapakuwa na kitu. Mguu aliowafundishia nusu ya mji wa Mbeya, hakukumbuka tena ukiwa chini unahisije. Akajaribu sentensi, ikakatika. Akajaribu nyingine. Akina mama walikuwa bado wanangoja, kwa adabu ileile aliyongojewa nayo mzee wa langoni, na hapakuwa na kitufe cha kubonyeza.

Alawi akamkabidhi Waridi mkongojo. Waridi akaupokea, akaukumbatia kifuani.

Akasimama kwa mguu wa kushoto, kama kawaida. Kisha akaanza kuumwaga uzito upande wa pili, kidogo kidogo.

"Kisigino kinagusa," alisema kwa sauti. Ilikuwa ya kwikwi, lakini ilitoka. "Kinagusa, na ardhi ni baridi kupitia kiatu. Sasa paja. Paja linauma. Linauma, ila si kama lile la siku ile. Goti linataka kukimbilia ndani, mlizuie. Mlizuie hapo. Msishike kitu." Akainua mikono yake mitupu. "Sasa nyanyueni wa kushoto."

Akaunyanyua wake. Ukatoka ardhini upana wa kidole, labda viwili. Mguu wa kulia ukabeba mwili wote peke yake, na ukaanza kumtetemeka kuanzia nyonga mpaka kifundo, jasho likamtiririka katika baridi ile ya Nyololo. Akainua macho awaambie akina mama kwamba huo mtetemo waupuuze, si sehemu ya somo.

Wote walikuwa wamesimama kwa mguu wa kulia. Mjamzito, mwenye mtoto, mwenye goti, Eveline, Lea mbele yao. Na kila mmoja, uso umekazwa kwa makini, alikuwa anautetemesha.

"Hivi, mwalimu?" Lea aliuliza.

"Hivyohivyo, mama," alisema Alawi. "Msiushushe bado."

Akavuta pumzi, akaanza kuwahesabia.